Sarafu za Dola: Zapigwa kwa Mamilioni, Zalala Ghalani

Tarehe 12 Novemba 2025, katika mji wa Philadelphia, Serikali ya Marekani ilipiga senti yake ya mwisho ya matumizi ya kila siku. Sarafu hiyo ilikuwa ikipigwa tangu mwaka 1793, na sababu ya kuistaafisha ilikuwa wazi kwa kila ajuaye hesabu: kupiga senti moja kulikuwa kukigharimu karibu senti nne. Magazeti ya dunia yaliandika mengi juu ya msiba huo. Lakini iko sarafu nyingine ya nchi hiyo hiyo ambayo mambo yake ni ya ajabu zaidi, nayo haikupata kuandikiwa tanzia, kwa kuwa haikupata kuishi sawasawa. Twasema juu ya sarafu ya dola moja.

Kwa zaidi ya miaka 50 sasa wakuu wa Marekani wamekuwa wakipiga sarafu za dola, wakibadili sura, rangi na ukubwa wake, wakizipigia debe kwa fedha nyingi, na kila mara watu wamezipokea kwa mkono mmoja na kuzirudisha benki kwa mkono wa pili. Mwishowe wakaamua kuwauzia wakusanyaji peke yao, yaani wale watu ambao starehe yao ni kuhifadhi sarafu katika vitabu na visanduku. Hata hao hawakuzigombea kama ilivyotumainiwa. Twaona yafaa tulichungue jambo hili kwa utulivu, maana fedha ni chombo cha kazi cha kila apokeaye mshahara, na chombo kikikataliwa na wale wakitumiao si haki kusema upesi kwamba watu hao ni wajinga au wameshikilia ya kale.

Mwaka 1971 ilitoka dola yenye sura ya Rais Eisenhower. Upana wake ulikuwa milimita 38, na mtu mwenye sarafu kumi za namna hiyo mfukoni alichukua karibu robo kilo ya chuma ikimvuta suruali chini. Ilipata kazi ya maana mahali pamoja tu, nako ni katika nyumba za kamari za Nevada. Ilipofika mwaka 1978 ikaachwa, na Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kutengeneza nyingine iliyo ndogo.

Hiyo ndogo ilitoka mwaka 1979, nayo ilibeba sura ya Susan B. Anthony, aliyepigania haki ya wanawake ya kupiga kura katika karne ya 19. Heshima hiyo ilikuwa kubwa. Kabla yake hakuna mwanamke wa kweli, mwenye jina na kaburi, aliyepata kuwekwa katika sarafu ya matumizi ya nchi hiyo. Waliokuwamo walikuwa wanawake wa kubuniwa tu, ambao Wamarekani waliwapa jina la Uhuru. Lakini heshima ya sura haitoshi kama umbo lina kasoro. Waliobuni sarafu ile walikusudia iwe na pembe 11 ili mtu aitambue kwa kuipapasa, hata gizani, hata akiwa kipofu. Wenye mashine za kuuzia vitu wakalalamika kwamba mashine zao zitahitaji kugeuzwa. Serikali ikawasikia. Sarafu ikafanywa ya mviringo, na zile pembe 11 zikachorwa kwa ndani, kandokando ya ukingo, ambako macho huziona na vidole havizitambui.

Yaliyofuata yalitazamiwa. Dola hiyo ilikuwa na upana wa milimita 26.5, na robo dola ina upana wa milimita 24 na kidogo. Zote mbili nyeupe, zote zina meno ukingoni. Mtu alitoa dola dukani akidhani ametoa robo, akapoteza senti 75 kwa kupepesa jicho. Kwa tajiri, senti 75 si kitu. Kwa mfanyakazi wa mwaka 1979, ambaye kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa dola 2.90 kwa saa, hizo ni zaidi ya dakika 15 za jasho lake. Watu wakaibandika jina la dharau, wakaiita "robo ya Carter", kwa jina la Rais aliyetia sahihi sheria yake. Katika mwaka wa kwanza zilipigwa zaidi ya milioni 750; mwaka 1980 hazikufika milioni 100; mwaka 1981 zikapigwa za wakusanyaji tu. Mamia ya milioni zikabaki katika vyumba vya chuma vya Benki Kuu, zikitoka polepole kwa miaka karibu 20 kwenda katika mashine za stempu na za nauli.

Hapo Serikali ilipata somo, lakini ililisoma nusu. Ilielewa kwamba sarafu ya dola isifanane na robo. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1997 ikaamuru itengenezwe ya rangi ya dhahabu, yenye ukingo wa pekee, na mwaka 2000 ikatoka dola ya Sacagawea. Huyu alikuwa binti wa kabila la Shoshone aliyeandamana na msafara wa Lewis na Clark kuelekea Bahari ya Pasifiki, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Picha yake ya kweli haipo, basi mchongaji Glenna Goodacre alimtumia msichana mwanafunzi wa kabila hilo kuwa mfano. Sura yake amegeuza shingo akimtazama mtazamaji, na mtoto amelala begani. Twakiri kwamba ni miongoni mwa sarafu nzuri zilizopata kupigwa katika zama zetu.

Mbiu ya mgambo ililia kuliko wakati wowote. Zaidi ya dola milioni 60 zilitumika kuitangaza. Maduka ya Walmart yalipewa sarafu hizo ili yawarudishie wateja kama chenji. Kampuni ya nafaka ya Cheerios ikatia sarafu za dola 5,500 katika maboksi yake, moja hapa na moja pale, ili watoto wazitafute. Katika mwaka huo mmoja zilipigwa zaidi ya bilioni moja. Watu walizipokea kwa furaha, wakazitazama, wakawaonyesha watoto, kisha wakaziweka kabatini. Hazikurudi sokoni. Mwaka 2001 upigaji ukashuka hadi milioni 130 hivi, na kuanzia mwaka 2002 zikawa za wakusanyaji tu, kama zilivyokuwa za Anthony.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sarafu ilikuwa nzuri, rangi yake njema, umbo lake halimdanganyi mtu, na matangazo hayakukosekana. Nayo ikashindwa vilevile. Kwa hiyo kasoro haikuwa katika sura. Kasoro ilikuwa kwamba noti ya dola moja iliendelea kuchapwa. Mwenye duka ana droo la fedha lenye nafasi za senti, senti tano, senti kumi na robo, na nafasi ndefu za noti. Sarafu ya dola haikuwa na kitanda katika nyumba hiyo. Kwa nini mwenye duka aagize benki vyombo viwili vyenye thamani moja, kimoja chepesi na kimoja kizito? Na kwa nini mteja, mwenye noti nyepesi katika pochi, aombe chuma? Hakuna hata mmoja aliyefanya uamuzi wa kipumbavu. Kila mmoja alifanya lililomfaa, na jumla yao ikawa kukataliwa kwa sarafu.

Canada walilijua hilo. Walitoa sarafu ya dola mwaka 1987, na ilipofika mwaka 1989 wakaacha kutoa noti yake. Watu walinung'unika, wakazoea, na mwaka 1996 ikafuata sarafu ya dola mbili. Uingereza walitoa sarafu ya pauni mwaka 1983 na noti yao ikafutwa mwaka 1988. Sisi wenyewe hapa Tanzania tuna mfano tulioushika mkononi. Mwaka 2014 Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 500 yenye sura ya Mzee Karume na nyati, ikieleza kwamba noti ya thamani hiyo hupita katika mikono mingi na kuchakaa upesi. Noti haikuongezwa, ikazeeka, ikachanika, ikapungua, hata mwaka 2025 wananchi wakatakiwa kuipeleka benki pamoja na noti nyingine za zamani kabla ya tarehe 5 Aprili. Leo konda wa daladala haulizwi kama anaipenda sarafu ya 500. Ndiyo iliyopo.

Tena wako watu waliozipenda hata dola za Sacagawea zenyewe, nao hawakai Marekani. Mwaka 2000 nchi ya Ecuador, baada ya fedha yake ya sucre kuporomoka hata zikahitajika 25,000 kununua dola moja, iliamua kutumia dola ya Marekani. Noti za kigeni zilizofika huko hazirudi upesi kwao kubadilishwa, kwa hiyo huzunguka hata zikawa matambara. Sarafu ya dhahabu haichaniki wala hailowi. Wauza ndizi na wenye mabasi wakaipokea, na mama yule wa kabila la Shoshone mwenye mtoto mgongoni akafanana na mama zao wa milimani. Sarafu iliyolala katika maghala ya Marekani ikawa fedha ya sokoni mjini Quito. Neno hili peke yake latosha kuwanyamazisha wanaosema kwamba sarafu ile ilikuwa na mkosi.

Basi kwa nini Washington hawakuiondoa noti? Mtu asidhani kwamba ni mapenzi ya watu kwa Rais Washington aliye katika noti. Karatasi ya noti za Marekani hutoka katika kampuni ya Crane ya Dalton, jimbo la Massachusetts, nayo imekuwa na kazi hiyo tangu mwaka 1879. Wajumbe wa jimbo hilo, wa vyama vyote viwili, waliilinda noti kwa nguvu, maana ajira za watu wao zilikuwa humo. Upande wa pili walisimama wenye migodi ya shaba, wenye viwanda vya chuma, na wenye mashine za kuuzia, wakiitaka sarafu. Kila upande ulikuwa na chama chake cha kushawishi, na kila upande ulidai kwamba wauona uchungu wa mlipa kodi. Ukiondoa maneno matamu, ulikuwa ugomvi wa mabepari wa karatasi na mabepari wa shaba, na mwananchi wa kawaida alikuwa nyasi chini ya tembo hao.

Katikati ya ugomvi huo Bunge likatunga njia ya tatu, ambayo twaiona kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Kati ya mwaka 1999 na 2008 robo dola ilikuwa ikitolewa kwa michoro ya majimbo 50, mitano kila mwaka, na watu wazima kwa watoto walizikusanya kwa hamu kubwa. Zaidi ya bilioni 34 zilipigwa. Wakubwa wakaona kwamba sarafu iliyowekwa kabatini ni faida tupu kwa Serikali: imetengenezwa kwa senti chache, imeuzwa kwa thamani yake kamili, na haitarudi kudai kitu. Wakasema, kama watu wanaficha robo, je, hawataficha dola? Hivyo sheria ya mwaka 2005 ikaamuru sarafu za dola zenye sura za marais waliokwisha kufariki, wanne kila mwaka kwa zamu yao ya kutawala, kuanzia Februari 2007.

Waliiga nje ya jambo wakaacha ndani yake. Robo dola ilikuwa tayari ikizunguka kabla haijawa kitu cha kukusanya. Mtoto alipewa chenji dukani, akaona jimbo asilokuwa nalo, akafurahi. Furaha hiyo ilitoka katika mzunguko. Dola haikuwa na mzunguko, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukutana nayo kwa bahati. Tena mfuatano wa majimbo kila mtu alikuwa na lake la kungojea, lakini nani alimngojea William Henry Harrison, aliyekufa baada ya kutawala mwezi mmoja tu wa mwaka 1841? Yeye pia alipigiwa sarafu zake kwa mamilioni, mwaka 2009, kama sheria ilivyotaka.

Za George Washington zilipigwa milioni 340. Baada yake idadi ikashuka rais kwa rais. Lakini ubaya wa sheria ile ni kwamba kila rais mpya alipotoka, sarafu zake zilipaswa kupatikana kwa benki zikiwa peke yake, bila kuchanganywa na za waliotangulia. Kwa hiyo hata ghala lilipojaa sarafu za Adams na Jefferson zilizorudi, hapana budi zipigwe nyingine mpya za anayefuata. Zaidi ya 4 katika kila 10 zilizotoka zilirudi.

Kuna kisa kimoja ambacho hatuwezi kukiacha, ingawa chachekesha kuliko kufundisha. Ili kuzisukuma sarafu mikononi mwa watu, kuanzia mwaka 2008 Kiwanda cha Sarafu kiliwaruhusu raia kuziagiza kwa masanduku, dola kwa dola, bila malipo ya usafiri, tena kwa kulipa kwa kadi ya mkopo. Wajanja wakakumbuka kwamba kadi hizo huwapa watumiaji wake safari za ndege za bure kulingana na fedha wanazotumia. Wakaagiza maelfu kwa maelfu. Sanduku likifika mlangoni, mwenyewe hulipeleka benki hata halijafunguliwa, hulipa deni la kadi kwa fedha hizo hizo, na safari ya ndege hubaki yake. Sarafu zikatembea nchi nzima kwa gharama ya Serikali na kurudi ghalani pasipo kununua hata mkate mmoja. Mwezi wa Julai 2011 kadi zikakataliwa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Makamu wa Rais Joe Biden na Waziri wa Fedha Timothy Geithner walitangaza kwamba upigaji wa sarafu hizo kwa matumizi ya watu unasimamishwa. Wakati huo sarafu za dola bilioni 1.4 zilikuwa zimelala katika vyumba vya Benki Kuu. Marais waliobaki walipigiwa chache kwa ajili ya wakusanyaji, hadi Reagan mwaka 2016, na baadaye George H. W. Bush mwaka 2020.

Sasa tuseme juu ya hao wakusanyaji, maana wengi hudhani kwamba mkusanyaji hupenda kila kitu kilicho kipya na kinachong'aa. Sivyo. Mkusanyaji ni mtu wa hesabu kali. Ajua kwamba kitu kilichopigwa milioni 340 hakitakuwa haba maishani mwake wala mwa wajukuu wake. Dola ya kwanza kabisa ya Marekani, ya mwaka 1794, ilipigwa 1,758 tu, na mwezi wa Januari 2013 moja yake iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10. Mwaka 2021 Kiwanda kilipiga upya dola za fedha halisi za michoro ya kale iitwayo Morgan na Peace, kwa bei ya dola 85 moja, na watu wakazigombea hata mitambo ya kupokea maagizo ikalemewa. Zile zilikuwa na madini ndani yake na hesabu ndogo nje yake. Sarafu ya rangi ya dhahabu isiyo na dhahabu haiwezi kushindana nazo.

Hata hivyo, katika makosa ya kiwandani mkusanyaji alipata karamu. Mwaka 2000 zilitoka sarafu chache sana zenye uso wa Washington wa robo dola upande mmoja na tai wa dola ya Sacagawea upande wa pili. Zinazojulikana hazifiki 30, na zimeuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 moja. Mwaka 2007 maelfu ya dola za Washington zilitoka bila maandishi ya ukingoni. Kwa kuwa maneno ya kumtumaini Mungu yaliandikwa huko ukingoni, uvumi ukaenea nchini kwamba Serikali imemfukuza Mungu katika fedha, watu wakakasirika, Bunge likaamuru maneno hayo yarudishwe usoni kuanzia mwaka 2009, na wakati huo huo wenye kuzipata zile "zisizo na Mungu" wakaziuza kwa bei ya juu. Na zile 5,500 za Cheerios? Miaka kadhaa baadaye iligunduliwa kwamba baadhi yake zilipigwa kwa mchoro wa kwanza, wenye manyoya ya mkia wa tai yaliyochorwa kwa undani zaidi. Leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Watoto walioipata sarafu hiyo mwaka 2000 na kununulia peremende hawakuambiwa.

Hata katika mfululizo wa marais, mwaka 2015 Kiwanda kilitoa seti za Truman na za Eisenhower zenye sarafu ya mng'ao wa pekee, seti 17,000 tu kwa kila rais. Zikaisha kwa dakika chache. Mchoro ulikuwa ule ule uliokuwa ukidharauliwa. Kilichobadilika ni hesabu. Twaona hapo kwamba mapenzi ya mkusanyaji na mahitaji ya mtu wa sokoni hupingana tangu mwanzo: mmoja ataka kichache, mwingine ataka kitoshe kwa wote. Sarafu inayotaka kuwaridhisha wote wawili kwa pamoja, bila kwanza kuwa fedha ya kweli ya matumizi, hupata lawama za pande zote.

Tangu Desemba 2018 kuna mfululizo mwingine, wa uvumbuzi wa Wamarekani, nne kila mwaka, jimbo kwa jimbo, na utaendelea hadi mwaka 2032. Ya jimbo la Delaware ilimheshimu Annie Jump Cannon, mwanamke aliyepanga nyota katika makundi yake. Usoni mna Sanamu ya Uhuru ya New York. Ni kazi safi ya mikono. Lakini hizi hazijaribu hata kwenda sokoni. Huuzwa na Kiwanda kwa bei inayozidi dola kwa kila dola. Kwa sheria ni fedha halali, na mtu akitaka aweza kununulia mkate, ila atakuwa amepata hasara kabla ya kufika kwa mwoka mikate. Vijana hawazikuti katika chenji, basi wanunuzi wake ni wale wale wa zamani, wenye kukamilisha vitabu walivyovianza.

Twarudi kwenye faida iliyokuwa ikitajwa, maana ndiyo inayomhusu mlipa kodi. Mwaka 2011 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa taarifa kwamba kubadili noti kwa sarafu kungeiletea Serikali dola bilioni 5.5 kwa miaka 30. Watetezi wa shaba wakaishangilia. Lakini wakaguzi wenyewe walieleza kwamba faida hiyo haikutoka katika uimara wa chuma. Ilitoka katika kuchukulia kwamba badala ya kila noti moja zitahitajika sarafu moja na nusu, kwa kuwa sarafu hulala katika vikopo na vibweta nyumbani. Yaani Serikali ingepata kwa sababu raia wake wangekuwa wameikopesha bila riba na bila kujua. Mwenye fedha nyingi huziweka benki zikazaa. Chenji za kikopo ni za mtu mdogo. Hiyo ndiyo akiba iliyosifiwa.

Mwaka 2019 wakaguzi hao hao walipiga hesabu upya. Noti iliyokuwa ikiishi miaka 3.3 sasa ilikuwa ikiishi miaka 7.9, kwa kuwa mitambo mipya ya Benki Kuu ilijua kutofautisha noti chafu na noti nzima iliyogeuzwa upande. Matokeo yake, badala ya faida, kubadili kungeleta hasara ya kati ya dola milioni 611 na dola bilioni 2.6 kwa miaka 30. Kwa hiyo wale raia waliokataa sarafu mwaka 1979, mwaka 2000 na mwaka 2007, na kuambiwa kwamba wanaitia nchi yao gharama, wamesafishwa na hesabu za Serikali yenyewe.

Na sasa senti haipigwi tena kwa matumizi, ingawa zilizoko mikononi bado ni halali. Kidogo kidogo nafasi yake katika droo za maduka ya Marekani itakuwa tupu, na hapana shaka watatokea watu wa kusema kwamba hapo ndipo mahali pa dola ya sarafu. Watakapolisema, la kuuliza kwanza ni kama siku hiyo hiyo mitambo ya kuchapa noti ya dola moja itasimama, au itaendelea kunguruma kama kawaida.